Toka Nje ya Geti

Ndugu yangu uliyeko Juba, nasema na wewe. Wewe uliyeletwa na lori la saruji kutoka Mombasa. Wewe uliyeletwa na mkataba wa mwaka mmoja. Wewe wa benki, wewe wa duka la vipuri, wewe uliyekuja kwenye semina ya siku tatu na kesho mchana unapanda ndege. Bei ya dola ya leo unaijua. Jina la mlinzi wa getini unalijua. Hata saa ya kuzimwa jenereta unaijua. Sasa nijibu hili: ukisimama mlangoni kwako, mto uko upande gani?

Kimya. Nilijua.

Umekaa kwenye mji wa watu, na nyayo zako hazijaugusa. Uwanja wa ndege mpaka hoteli ya makontena, ndani ya gari la vioo vyeusi. Hoteli mpaka ofisi, gari lile lile. Ofisi mpaka hoteli, na jioni mpira wa Uingereza kwenye runinga pamoja na Wakenya wenzako au Waganda wenzako. Nawe dereva wa masafa, usijichekee pembeni ukadhani somo langu ni la wenye tai peke yao. Unalala chini ya tela, unapika ugali wako kwenye jiko lako, unangoja karatasi za forodha siku baada ya siku, na ukirudi Mombasa ukiulizwa Juba ikoje unajibu, "Joto." Joto! Mji mzima wenye makanisa, misikiti, masoko, makaburi na watoto wanaokwenda shule, wewe umeugeuza kipimajoto.

Fungueni Matendo ya Mitume, sura ya kumi na saba. Paulo amefikishwa Athene kwa haraka, baada ya fitina kumfukuza Beroya. Sila na Timotheo wamebaki nyuma. Hana mkutano aliopangiwa, hana kamati ya mapokezi. Anangoja wenzake tu, kama wewe unavyongoja karatasi. Angelala, nani angemlaumu? Mtu ametoka kupigiwa kelele miji miwili mfululizo! Lakini Paulo aliutembea mji. Alizipita madhabahu zao akizitazama, akasoma hata maandishi yaliyochongwa juu yake, mpaka akaifikia ile moja ya mungu asiyejulikana. Siku aliposimamishwa Areopago mbele ya wenye elimu, alianzia pale pale kwenye jiwe alilolisoma kwa macho yake mwenyewe. Matembezi yasingekuwapo, mahubiri yale yangetoka wapi? Wahubiri wengi wameyahubiri maneno ya Areopago. Mimi leo nazihubiri nyayo zilizoyatangulia.

Utaniambia Athene ilikuwa Athene, Juba ina nini? Juba, ndugu yangu, ni bandari. Mto Nile ukitoka Ziwa Albert hufika Nimule, ukaangukia miamba ya Fula, na kutoka hapo mpaka karibu na Rejaf ni mawe na maji ya kasi ambayo meli haiyawezi. Chini ya hapo mto unatulia. Ndiyo sababu meli za moshi zilizopanda kutoka kaskazini zilifika hapa zikakoma, na ndiyo sababu Waingereza waliacha Mongalla na kuweka makao yao ya mkoa hapa, kwenye ardhi ya Wabari. Katika miaka ya 1930 msafiri mwenye fedha zake aliweza kuondoka Mombasa kwa treni, akaivuka Uganda kwa reli na meli za maziwa, akashukia Nimule, akaletwa Juba kwa gari, na hapa akapanda meli ya kuteremka mto: zaidi ya kilomita 1,400 mpaka Kosti, kati ya matete ya kinamasi cha Sudd yasiyo na mwisho. Ndege za Imperial Airways nazo zilitua Juba zikiwa safarini kati ya Misri na kwetu. Mji huu umezoea wageni wa tiketi. Walishushwa, wakapelekwa hotelini, wakalala ndani ya chandarua, asubuhi wakapakiwa tena. Kisha vita vya 1983 vikakata safari za meli za abiria, na leo gatini utakuta matishari yanayopakia mizigo na watu kwenda Bor na Malakal.

Wale walikuwa watalii wa mbali, tuwasamehe. Wewe utasamehewa kwa lipi? Aprili 15, 2016, pale Dar es Salaam, Sudan Kusini ilitia saini mkataba wa kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Benki zetu zilikuwa zimetangulia miaka kumi nyuma. Tunauza unga wetu hapa, bia yetu, mabati yetu, sabuni yetu. Tunakula kwa jirani kila siku, na hodi hatujabisha!

Basi nakuamuru, kama ndugu anavyomwamuru ndugu: chukua siku moja. Moja tu. Iwe Jumamosi. Toka saa moja asubuhi kabla jua halijawa kali, bila dereva, bila mwenyeji wa kukushika mkono, bila yule bwana wa itifaki anayekuonyesha ofisi za serikali tu.

Anzia Konyo Konyo. Soko hilo liko upande wa mto, na ukiingia utajiuliza kwa nini ulikuwa unaogopa. Utawasikia Waganda wakibishana bei ya ndizi, utawasikia akina mama wa Kibari na mboga zao chini, utaona samaki wa Nile waliokaushwa wamepangwa kama kuni. Na Kiswahili utakisikia, tena safi! Wengi wa vijana wa hapa walikulia Kakuma, ile kambi iliyofunguliwa Turkana mwaka 1992, wakasoma kwenye shule za Kenya na kuimba wimbo wetu wa taifa paredini. Wanakujua kuliko unavyowajua. Lakini usianze na Kiswahili. Anza na Kiarabu cha Juba, hata kama ni neno moja: salaam taki. Utacheka unavyolitamka, watacheka zaidi, na bei itashuka kidogo.

Kisha kaa chini. Hapa nataka unisikilize, maana ndipo wengi wanapokosea. Wanatembea kama wanakimbizwa. Chini ya mwembe wowote Juba kuna mama muuza chai, mwenye viti vifupi vya plastiki, jiko la mkaa na meza ndogo iliyojaa mikebe. Kaa kwake. Tazama mikono yake. Ataisuza bilauri mbele yako, atatia sukari kwanza, nyingi, bila kukuuliza, kisha atamimina chai yenye karafuu na tangawizi mpaka ukingoni, na ataiweka kwenye kisinia mbele yako bila kumwaga tone. Sukari imelala chini kama mchanga. Koroga, au iache upate utamu mwishoni. Wengi wa akina mama hawa wanasomesha watoto kwa bilauri hizo. Walioketi pembeni yako ni mwalimu, askari aliyetoka zamu, kijana wa boda, mzee anayesubiri jamaa. Wataongea. Ndani ya nusu saa utakuwa umesikia habari za mji kuliko ripoti zote ulizotumiwa ofisini. Na ukisikia njaa, kuna kisra na mchuzi wa bamia, kuna maharage ya ful na mkate wa moto. Achana na chipsi za hotelini walau leo!

Kutoka hapo nenda Kator, ukaingie kanisa kuu la Mtakatifu Teresa. Piga magoti au kaa tu. Watu wa mji huu wamekimbilia viwanja vya makanisa mara nyingi kuliko tunavyopenda kukumbuka: katika vita virefu, katika mapigano ya Desemba 2013, na tena ya Julai 2016. Ukishaketi humo kimya kidogo hutasema tena kwamba Juba hakuna cha kuona.

Halafu nenda kwenye kaburi la John Garang, kiongozi wa wapiganaji wa kusini. Mtanzania, nenda uangalie kwa makini. Huyu mtu alipokimbia vita vya kwanza vya Sudan alimalizia sekondari Tanzania, na baada ya kusoma Marekani alirudi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alikaa kwenye nchi yako, alikula ugali wako. Mkenya, nenda na wewe: amani aliyoitia saini Januari 9, 2005 ilitiwa saini Nairobi. Mganda, alikufa Julai 30 mwaka huo huo, helikopta ilipoanguka akirudi kutoka kwako. Hakuna hata mmoja wetu anayesimama pale kama mgeni. Na ni kwenye uwanja wa kaburi hilo ambapo bendera ya nchi mpya ilipandishwa Julai 9, 2011. Askari watakuwapo, wasalimie, jieleze, fuata wanachosema.

Sasa neno la busara, maana nisiposema mtanilaumu. Kabla hujatoka, uliza hali ya siku hiyo. Muulize mlinzi wa getini, muulize mama wa jikoni, watu hao hujua mapema kuliko balozi. Wakisema leo kaa, kaa. Jumamosi ziko nyingi. Beba nakala ya pasipoti. Nehemia aliukagua ukuta wa Yerusalemu usiku. Wewe usimwige katika hilo, giza likiingia uwe umerudi. Na simu iache mfukoni! Juba haichezewi kwa picha. Kupiga picha barabarani kunahitaji kibali, na ukilenga daraja, kambi, uwanja wa ndege au ofisi ya serikali, siku yako itaishia kituoni. Hili vijana huniambia ni kero. Mimi naona ni neema. Ni mji gani mwingine utakaolazimika kuutazama kwa macho yako tu?

Mchana ukipungua, tafuta boda ikupeleke upande wa Jebel Kujur. Chini ya mlima ule utakuta akina mama na watoto wao wamekaa juani na nyundo, wanavunja mawe kuwa kokoto. Kipande kikubwa kinakuwa vipande, vipande vinakuwa lundo, lundo linangoja lori. Hoteli unayolala ilisimama juu ya zege, na zege huanzia kwenye kokoto kama hizi. Usiwatolee hotuba. Salimia, kaa kidogo ukikaribishwa, na kama una kitu cha kutoa kitoe kwa adabu, bila kujionyesha.

Malizia mtoni. Tafuta mahali panapouza samaki wa kuchoma, kaa uyatazame maji. Ng'ambo ile ni Gondokoro. Mwaka 1863, Februari, wapelelezi Speke na Grant walifika hapo wakiwa wamechakaa, wametokea pwani ya Afrika Mashariki kwa miguu, wakamkuta mpelelezi mwenzao Samuel Baker. Vitabu vya shule vilitufundisha habari za wazungu hao watatu. Havikutufundisha kwamba pale pale palikuwa soko la pembe za ndovu na watumwa, na kwamba Wabari ndio walioporwa. Leo kisiwa cha Gondokoro kina mashamba ya mboga, na mboga zile zinavushwa kwa mitumbwi kuja kulisha mji. Kwa upande mwingine liko Daraja la Uhuru, lililojengwa kwa msaada wa Japani na kufunguliwa Mei 2022 baada ya vita kulichelewesha mara mbili. Kabla yake, tangu miaka ya 1970, lori lako wewe dereva lilipita kwenye daraja moja tu la chuma lililochoka. Kaa hapo ufikiri maana ya mji mzima kula kupitia daraja moja.

Miguu inauma? Februari 2023, Papa Francis, Askofu Mkuu Justin Welby na Iain Greenshields wa Kanisa la Scotland walipokuja pamoja Juba, vijana kutoka Rumbek waliwafuata kwa miguu. Kwa miguu! Kiasi cha kilomita 400, siku baada ya siku, katika jua unalolilalamikia wewe, wakiomba na kuimba, makabila yaliyowahi kuuana yakitembea kwenye msafara mmoja. Nawe nakuomba Konyo Konyo mpaka mtoni, na kipande cha boda katikati!

Nanyi wachungaji mnaoleta vikundi kutoka Kampala, Nakuru na Mwanza, mnaoingia kwa basi na kutoka kwa basi, mkapiga picha moja mbele ya bango la semina: ongezeni siku kwenye ratiba, na siku hiyo msiipange. Wagaweni watu wawili wawili, kama Bwana alivyofanya, wapeni nauli ya boda na hela ya chai, waambieni wakutane jioni. Na wewe mwenye kampuni, mwenye geti la chuma na walinzi wawili, Jumamosi hii mfungulie kijana wako geti saa moja asubuhi. Mwandikie namba yako kwenye karatasi, betri ya simu huisha. Usimtumie gari, na usimpigie kila saa.