Makofi Yale ni ya Nani?



Baadhi yetu tumepata kuiona filamu ya Kenya iitwayo Nairobi Half Life, ya mwaka 2012, iliyoongozwa na David Gitonga. Ni habari ya Mwas, kijana wa kijijini anayeuza filamu kwa kuwaigizia wateja, ambaye anakwenda Nairobi akitaka kuwa mwigizaji. Siku ya kwanza ananyang'anywa kila kitu, kisha anatiwa rumande, na humo anakutana na Oti, kiongozi wa wezi wa vipuri vya magari. Tangu hapo anaishi maisha mawili: mazoezi ya mchezo wa kuigiza, na wizi.

Mwisho wake ndio unaotatiza. Polisi waliokuwa wakila pamoja na wezi wanawageuka na kuwaua. Mwas ananusurika. Rafiki zake wamekufa, naye anakwenda kupanda jukwaani na kucheza sehemu yake. Tumwelewe vipi?

Wako wasemao kwamba moyo wake umekufa ganzi. Wengine husema jukwaa limemwokoa. Sisi twaona majibu yote mawili hayatoshi. Aliyekufa ganzi angetafuta pa kujificha, asingejali mchezo. Na kama ameokoka, bado ana deni: wako watu walioporwa magari, na makofi hayawarudishii kitu.

Twafikiri maana ya jambo hili iko kwa wale waliokaa vitini. Kijana ni yule yule, na kipaji ni kile kile. Alipokuwa njiani hakuna aliyemtazama. Jukwaani anatazamwa, kwa sababu anawafurahisha watu. Tena vipuri vilivyoibwa visingekuwa na faida kama hakuna mwenye gari wa kuvinunua.

Hayo si ya Nairobi peke yake. Vijana wetu hushuka kutoka Akheri, Nkoaranga na Poli, wakaja Arusha kutafuta kazi. Wakipanga chumba Unga Limited au Ngarenaro, ni wachache kati yetu wanaokwenda kuwajulia hali. Lakini tukiletewa simu au kioo cha gari kwa nusu ya bei, twafungua mkoba upesi wala hatuulizi kimetoka wapi. Sheria ya nchi yetu huhesabu kupokea mali ya wizi kuwa kosa, ingawa mpokeaji mara nyingi hulala usingizi mzuri.

Katika miaka ya kufundisha walimu tulizoea kuwaambia kwamba kuelewa kwa nini mtoto ameiba si sawa na kusema hakuiba. Twashika neno hilo hata leo. Mwas ana hatia, na kumhurumia hakumfutii. Ila asisimame kizimbani peke yake, na sisi tuliokinunua alichoiba tukiwa tumekaa kama watazamaji.

Basi, tukiuziwa kitu kwa bei ya kushangaza, tudai risiti. Na kijana anayetuuzia, tumwulize jina lake na kwao ni wapi.