Nani Anaona Shuka Lako?

Kiatu kinaonekana. Simu inaonekana. Hata kahawa ya bei ghali huwa inapigwa picha kabla ya kunywewa. Lakini shuka la kitandani halina shahidi. Unalilalia gizani, macho yamefumbwa, mlango umefungwa. Ndiyo maana kwa mtu anayeishi Nairobi kwa mshahara wa kawaida, uamuzi wa kuacha pamba na kulalia kitani una uzito kuliko unavyosikika.

Tuanze na kitu chenyewe. Wengi wetu tulilisikia neno kitani kanisani kabla hatujakigusa. Si katani, ile ya mkonge inayosokotwa kamba. Kitani hutoka kwenye shina la mmea mwembamba wenye maua ya buluu, unaolimwa sana kaskazini mwa Ufaransa na Ubelgiji. Mashina yakishang'olewa huachwa shambani kwa majuma, umande uyalegeze mpaka nyuzi ziachane na mti. Ni kazi ndefu, na bei inaifuata. Seti moja ya mashuka ya kitani inaweza kulipa kodi ya bedsita mwezi mzima, mitaa mingi tu ya hapa mjini.

Mimi nimelalia pamba maisha yangu yote. Kwanza shuka za mtumba kutoka Gikomba, laini kwa sababu mtu mwingine alishazifanyia kazi hiyo. Baadaye zile za dukani zilizochanganywa na poliesta. Sasa ni mwezi wa nne ninalalia kitani, na nitasema ukweli bila chumvi. Usiku wa kwanza kilinikwaruza kama shati jipya la shule. Kinajikunja hovyo, pasi hakiiheshimu. Lakini kila kikifuliwa kinalainika, tofauti na zile shuka zangu nyingine ambazo kila zikifuliwa zilichakaa. Jasho la Februari kinalinywa, na kabla hujageuka ubavu kimekauka. Yaani ni kizuri kweli. Kingekuwa mbwembwe tupu tusingekuwa na mjadala. Tungecheka, tukaendelea na maisha.

Rafiki yangu mmoja aliposikia bei alishika kichwa. "Si ungenunua viatu bana? Angalau watu wangeona." Nimelitafakari neno hilo sana. Hakusema ni pesa nyingi. Viatu alivyokuwa anavifikiria bei yake ni ileile. Kilichomuudhi ni kwamba pesa imeenda mahali pasipo na macho. Mjini tumezoea kujitetea kwa macho ya wengine: gari ni la kazi, suti ni ya mikutano, nyumba ni ya kupokea wageni. Starehe isiyoonekana haina utetezi huo. Inabaki wewe na nafsi yako, na swali: kwa nini?

Kuna majibu mawili ambayo watu huyatoa haraka. La kwanza: ninastahili, nimetoka jasho. Sawa, lakini mama anayetuuzia sukuma wiki huamka saa tisa usiku kwenda Wakulima Market kutafuta mzigo, na mgongo wake unadai kitanda kizuri kuliko wangu. Ikiwa jasho ndilo kipimo, shuka hili lilipita nyumba nyingi zenye haki nalo kabla ya kufika kwangu. La pili: ni uwekezaji, ukilala vizuri utafanya kazi vizuri. Jibu hili linasikika la busara, lakini linageuza usingizi kuwa kibarua mwingine wa mwajiri. Hata gizani bado tunatafuta risiti ya kumwonyesha mtu.

Seneca, mwanafalsafa wa Roma, alikuwa na pendekezo tofauti. Katika barua zake kwa Lucilius alimshauri atenge siku chache, ale chakula duni, avae nguo ngumu, alalie kitanda cha kimaskini, kisha ajiulize: je, hili ndilo nililokuwa nikiliogopa? Seneca mwenyewe alikuwa tajiri wa kutupwa, na waliomcheka kwa hilo hawakukosea sana. Ila ndani ya ushauri wake kuna kitu. Mwonja asali haonji mara moja. Hatari ya kitu kizuri haiko siku unayokipata. Iko siku unapokwenda ushago, shosho akakutandikia kitanda chake mwenyewe, akaenda kulala na wajukuu, nawe ukakesha ukigeuka kwa sababu shuka ni la poliesta. Hapo shuka lako limeanza kukutenga na watu.

Na bado jaribio hilo halitoshi, kwa sababu linamhusu mlalaji peke yake. Ile habari ya Luka 16 inakwenda mbali zaidi. Kuna tajiri anayevaa zambarau na kitani safi, na langoni pake amelala Lazaro mwenye vidonda. Msomaji wa haraka huona kosa kwenye kitani. Mimi naliona langoni. Lazaro hakuwa nchi ya mbali; alikuwa hatua chache kutoka kitandani, na yule bwana alilala vizuri tu kila usiku.

Hata historia yetu ina kitani chake na lango lake. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, maofisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani walipewa maelfu ya ekari Kericho, katika nchi ya Wakipsigis, ili walime kitani. Bei ikaporomoka katika soko la dunia, mradi ukafa. Ardhi haikurudi kwa wenyewe. Ikawa mashamba ya chai. Mashuka yaliyoota pale hata hayakumfikia mtu yeyote wa Kericho, lakini kuna waliopoteza mahali pa kulala kwa ajili yake.

Kwa hiyo sidhani swali la maadili ni kama unaruhusiwa kulala vizuri. Mwili wa maskini na wa tajiri unauhitaji usingizi sawasawa, na sioni utu wowote katika kujikwaruza kwa makusudi ili dhamiri itulie. Kurudisha kitani dukani hakumpi mama mboga usingizi. Swali ni kama usingizi wako umekuwa mzito kiasi cha kutosikia hodi. Kwangu mimi hilo lina sura ndogo za kila siku: simu ya nyumbani saa nne usiku, ambayo ni rahisi kuiacha ilie hadi asubuhi, binamu anayetafuta kazi na anaomba sakafu ya wiki mbili, askari wa lango la ploti anayekesha kwenye kiti cha plastiki mwezi wa Julai, bila blanketi, huku wapangaji ishirini tumejifunika.

Blanketi lake tungeweza kulichangia kwa jioni moja. Pendekezo nimeliandika kwenye kundi la WhatsApp la ploti, na watu wanne wamejibu.