Mbwa, Simba na Machozi ya Mchanaji

Kwa Kinyarwanda, mwanadamu ni umuntu, na mnyama huhesabiwa katika ikintu, yaani kitu. Juu ya maneno hayo padri Alexis Kagame alijenga kitabu chake cha 1956 kuhusu falsafa ya Kibantu ya kuwako, akagawa vyote vilivyopo katika mafungu 4: chenye akili, kisicho na akili, mahali pamoja na wakati, na namna. Ng'ombe, mti na jiwe vimo katika fungu moja, la kisicho na akili. Uhai wa mnyama ni kivuli kinachotoweka anapokufa. Mtu peke yake ndiye huacha mzimu. Kwa hesabu hiyo, mchanaji wa hip hop anayejiita mnyama kwenye miksitepu anajishusha daraja.

Shujaa wa kale alivuka mpaka huohuo, ila kwa kupanda. Katika icyivugo, yaani majigambo ya vitani, alijifananisha na wanyama wanaoua. Koo, katika kuchagua mnyama wa kuzitambulisha, hazikuwa na majivuno hayo daima: Abazigaba wana chui, lakini Abega, waliotoa mama wengi wa wafalme, wana chura.

Hip hop ya Kigali imerithi zaidi majigambo. Mchanaji Riderman alichukua jina Ibisumizi, la wapiganaji wa mfalme Ruganzu Ndoli. Mwenzake Bull Dogg, wa kundi la Tuff Gang, anabeba jina la mbwa mwenye kifua kipana, kwa mtindo wa hip hop ya Marekani. Jina hilo likitua Rwanda hukuta mbwa mwingine. Imbwa ni tusi. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, mbwa walikula maiti, askari wakawapiga risasi, na kwa miaka mingi Kigali ilikuwa na mbwa wachache mno. Gisozi, jijini humo, wamezikwa zaidi ya watu 250,000 waliouawa. Huko mstari kuhusu mbwa hauwezi kusikika kama unavyosikika New York.

Lakini mbwa huyo wa kudharauliwa anafaa kusemea unyonge. Methali ya Kinyarwanda husema machozi ya mwanaume hutiririka kuelekea tumboni. Anayesema "mimi nalia" ameivunja. Anayesimulia mbwa aliyefukuzwa, anayelamba kidonda chake, hajaivunja, ingawa kila msikilizaji amejua ni nani. Miksitepu, isiyobanwa na masharti ya albamu, huacha nafasi ya kujaribu sauti kama hiyo.

Muumini anaweza kupinga: mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu akapewa kutawala wanyama hana ruhusa ya kujiita mmoja wao. Pingamizi hilo lina uzito, na Kagame padri asingelipuuza. Lakini mtunzi wa Zaburi ya 22 alijiita mdudu mbele ya Mungu huyohuyo, na sala yake ikabaki sala. Katika sura ya 5 ya Ufunuo, Yohana anaambiwa habari za Simba wa Yuda aliyeshinda. Anapotazama, aliyesimama ni Mwanakondoo mwenye alama za kuchinjwa.