Makala Iliyoliwa na Mchwa

Gazeti la Mambo Leo lilianza kupigwa chapa Dar es Salaam mwaka 1923. Huku kwetu Rusumo, karibu na maporomoko ya mto Kagera, tumeitafuta makala yake moja waliyoipenda wazee. Masandukuni tumekuta udongo wa mchwa; karatasi nyingine zilifungiwa chumvi, wala hatumlaumu mtu, maana chumvi nayo ni haja. Wazee wawili wangali wanaikumbuka. Mmoja asema ilisifu utii. Mwenziwe asema iliuliza utii ukome wapi. Je, ni halali kumwambia mtoto, “Imeandikwa hivi”? Sisi twaona si halali. Na aambiwe maneno ya wote wawili, ijapokuwa atatuuliza mara moja ni yupi asemaye kweli.