Mashua Iliyoachwa Ukingoni

Somo: Matendo ya Mitume 27:27–44



Katika somo hili mabaharia wanataka kutoroka kwa mashua ndogo. Paulo anamwonya akida kwamba hao wasipokaa merikebuni, wengine hawataokoka. Askari wakazikata kamba, mashua ikaenda zake, na watu wote 276 wakafika pwani salama. Tumesikia mahubiri mengi juu ya kamba zile, na karibu yote yaliwalenga watu walioacha kanisa. Leo twataka kusimulia habari ya mashua nyingine.

John Wesley Powell wa Marekani alikuwa mwalimu kama sisi. Mkono wake wa kuume ulikatwa baada ya kupigwa risasi katika vita vya Shiloh mwaka 1862. Tarehe 24 Mei 1869 alianza safari katika mto Green, yeye na wenzake tisa, kwa mashua nne, wakiwa na chakula cha miezi kumi. Walikusudia kuingia mto Colorado na kulipita korongo kuu, ambalo katika ramani lilikuwa mahali patupu. (Wenyeji wa asili waliishi humo na kupajua, waliochora ramani ndio waliokuwa hawajui.) Mwezi Juni mashua moja ilivunjika katika maporomoko, ikapotea na chakula chake. Mwezi Julai mtu mmoja aliona yatosha, akaondoka. Kufikia Agosti 27 walikuwa tisa, wenye njaa, na unga wa siku chache tu.

Siku hiyo wakafika penye maporomoko ya kutisha kuliko yote. Jioni Oramel Howland akamwendea Powell, akamwambia kwamba yeye, ndugu yake Seneca na William Dunn hawataendelea. Watapanda miamba watafute njia ya nchi kavu. Powell hakulala. Alitembea mchangani usiku kucha, maana naye hakujua kilichoko mbele. Paulo aliambiwa na malaika. Powell hakuambiwa na mtu.

Sasa angalieni walivyoagana. Hapakuwa na matukano. Wale watatu walisaidia kwanza kuzivusha mashua juu ya mwamba. Wakapewa bunduki, na mpishi akawaachia mikate. Mmoja wa waliobaki akawakabidhi saa yake wampelekee dada yake, na Powell akawapa barua ya mkewe. Walilia, kila upande ukidhani ni wenzao wanaokwenda kufa. Na mashua ya Powell mwenyewe, iliyoitwa Emma Dean kwa jina la mkewe, iliachwa imefungwa ukingoni. Mashua mbili zilipovuka salama, waliokuwa ndani walifyatua bunduki, wakangoja, wakitumaini kwamba wale watatu wataiona njia na kuwafuata kwa mashua ile. Hawakuja.

Kesho yake, Agosti 29, Powell na wenzake walitoka katika korongo. Wale watatu waliuawa huko juu nyikani, na hata leo watu hubishana ni nani aliyewaua.

Mhubiri mwepesi atasema hapa: mwaona, walioacha chombo waliangamia! Sisi twamsihi anyamaze kidogo. Watu wale walivumilia siku zaidi ya tisini za maji na njaa. Hawakuwa waoga. Walichoka, wakahesabu unga, wakakosea.

Katika mtaa wetu yuko ndugu ambaye hatujamwona kanisani tangu ugomvi wa hesabu za sadaka ya mavuno. Aliimba katika kwaya miaka mingi, na matofali ya ukuta wa kaskazini aliyabeba yeye na wanawe. Alipotoka kwa hasira tulisema, “Na aende,” nasi tunaoandika haya tulikuwa miongoni mwa waliosema. Jina lake likafutwa katika orodha ya kwaya. Baadaye hesabu zikapangwa vizuri, mambo yakatulia, lakini hakuna aliyekwenda kumwambia. Sisi tumekwisha kuvuka, na bunduki hatukufyatua hata moja.

Alhamisi tutakwenda kwake. Hatutakwenda kumhubiri, twampelekea daftari la hesabu alitazame, na kitabu chake cha nyimbo kilichobaki kabatini. Apendaye kufuatana nasi na atukute mlangoni pa kanisa saa kumi alasiri.