Deni la Ndani: Fadhila na Haki katika Maisha ya Antipolo

Swali la iwapo fadhila aliyotendewa mtu huwa deni, na kama ni deni lina ukomo gani, ni la kale katika falsafa ya maadili. Lakini katika miji ya pembezoni mwa Manila, ambako mshahara, ujapolipwa mara mbili kwa mwezi, mara nyingi huisha kabla ya siku ya malipo, swali hilo huulizwa kila siku kwenye dirisha la duka.

Antipolo, mji wa vilima ulio mashariki ya Manila katika mkoa wa Rizal, ni mfano unaofaa. Kwa sheria ya mwaka 1989, kima cha chini cha mshahara nchini Ufilipino hupangwa kwa kanda, na kima cha kanda ya Antipolo kiko chini ya kile cha Manila, ingawa njaa ya mtoto haijui mpaka wa kanda. Wakazi wa kipato kidogo hununua kwa mtindo uitwao tingi, yaani kununua kwa kupima au kwa kipande: sigara moja, siki iliyofungwa katika kifuko cha nailoni, pakiti moja ya shampuu iliyokatwa kutoka kwenye utepe unaoning'inia nyuma ya wavu wa duka. Anayenunua hivyo mara nyingi hulipa zaidi, kwa kipimo kilekile, kuliko mwenye uwezo wa kununua chupa nzima. Na siku asipokuwa na hata hicho kidogo, jina lake huingia katika daftari la mwenye duka.

Kitagalog, lugha ya huko, hutofautisha madeni mawili. Utang ni deni la kuhesabika, lile la daftarini. Utang na loob, yaani deni la ndani, ni wajibu wa aliyeokolewa katika shida kwa mwokozi wake. Mwanaanthropolojia Charles Kaut, mwaka 1961, aliueleza wajibu huo kama mfumo wa mkataba, ilhali mwanasaikolojia Virgilio Enriquez aliufungamanisha na kapwa, dhana inayomwona mwenzako kuwa ni sehemu ya nafsi yako. Waswahili husema dawa ya deni ni kulipa. Deni la ndani halina dawa hiyo, kwa kuwa kulilipa lote kwa mkupuo ni kama kutangaza kwamba undugu umekwisha.

Hata hivyo, fadhila isiyo na ukomo inaweza kuwa kamba shingoni, kama inavyotokea pale mwanasiasa anapogharimia mazishi ya maskini na kisha kungoja kura za wafiwa. Kipimo kinachofaa kinaonekana ndani ya jeepney, gari la abiria la huko, ambamo nauli hupita mkono kwa mkono hadi kwa dereva, na aliyepokelewa leo ndiye mpokeaji wa kesho. Deni la ndani ni la utu mahali ambapo nafasi hubadilishana. Pale ambapo mmoja daima hutoa na mwingine daima hushukuru, ni utumwa wenye adabu.

Swali la fadhila hurudi pia kwenye ujira wenyewe. Waraka wa Papa Leo XIII wa mwaka 1891, Rerum Novarum, ulifundisha kwamba ujira lazima umtosheleze mfanyakazi asiyefuja. Katika nchi yenye Wakatoliki wengi kama Ufilipino, fundisho hilo lina uzito wa pekee, kwa sababu ujira unapopunjwa, kile kilichokuwa haki humrudia mtu kwa sura ya hisani, naye hujikuta akimshukuru mtu kwa sehemu ya jasho lake mwenyewe.