Mtoto Akiota Jino, Nani Aambiwe?

Hapa Kagondo sisi Waanglikana tu wachache. Majirani zetu walio wengi ni Wakatoliki, na wengine ni Walutheri, nasi tumezoea kuuguzana na kuzikana bila kuulizana kwanza mtu husali wapi. Watoto wetu huzaliwa katika hospitali ya Kagondo, iliyo ya Jimbo Katoliki la Bukoba, na hatujasikia bado mkunga akimwuliza mama jina la askofu wake kabla ya kumpokea mtoto. Basi msione ajabu kwamba swali la ukurasa wetu mwezi huu tuliletewa na vijana wawili Wakatoliki, mume na mke, ambao kibanja chao kimepakana na chetu.

Vijana hao walimpata kifungua mimba wao Novemba ya mwaka jana, wakati wa senene. Ni binti. Katika siku za Noeli akabatizwa, na mmoja wetu sisi wawili tunaoandika hapa aliombwa asimame pamoja na mama wa ubatizo. Sheria ya Kanisa lao ya mwaka 1983 humruhusu Mkristo aliyebatizwa kwetu asimame kama shahidi kando ya msimamizi Mkatoliki, nasi tulikubali kwa furaha. Baada ya ibada tulikula ndizi na maharage nyumbani kwao, wageni wakapewa kahawa ya kutafuna kama ilivyo desturi, na kabla ya jua kutua kila mtu alikuwa amekwisha kwenda kwake.

Tangu hapo hakuna hatua ya mtoto yule iliyopita bila kuadhimishwa. Alipocheka kwa sauti mara ya kwanza, baba yake alivuka mpaka wa kibanja kuja kutuambia. Alipoketi bila kushikwa, tuliitwa tukanywe chai. Kadi ya kliniki tumeonyeshwa mara nyingi kuliko tulivyoonyeshwa cheti chao cha ndoa, pamoja na mstari wa uzito unaopanda na tarehe za chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Picha nazo hutumwa kwa simu mpaka kwa mashangazi walioko Mwanza na Dar es Salaam. Sisi wazee tulicheka kidogo, lakini tulikunywa chai.

Mwezi Mei mtoto akaota jino. Jioni moja wazazi walikuja kwetu wote wawili, wakasalimu, wakakaa, na kwa muda hawakusema neno. Halafu mama yake akauliza, "Mama, yule jirani yetu wa chini, tumwite au tusimwite?"

Jirani wa chini ni mwenzetu katika usharika huu, naye ametupa ruhusa ya kuandika haya bila kumtaja jina. Alijifungua mtoto wake wa kwanza, wa kiume, wiki ile ile ya Novemba. Mtoto akaishi siku tisa. Usiku wa nane hali yake ilipokuwa mbaya, muuguzi Mkatoliki alimbatiza kwa maji na kwa jina la Utatu, na padre wetu baadaye akaliandika jina lake katika daftari letu la ubatizo pasipo kuuliza zaidi, kwa maana ubatizo ni mmoja. Tukamzika mgombani kwa baba yake.

Sisi tulijibu upesi mno. Tulisema, "Heri msimwite. Mtamtonesha kidonda. Subirini kwanza apate wake mwingine." Vijana walishukuru, wakaenda, wakatii shauri letu kuliko tulivyotazamia. Si kwamba hawakumwita tu. Waliacha kupita njia ya chini, wakawa wanazunguka kwa juu kwenda barabarani, na mtoto akifunikwa khanga hata palipokuwa na joto. Kicheko kikisikika kwao, mlango ulifungwa.

Mwezi wa nane yule mwenzetu alikuja kwetu mwenyewe. Hakulia. Alisema, "Mtoto ndiye aliyekufa. Mbona mmenizika mimi?" Kisha akasema kwamba mtu akipita mbali nawe na mtoto wake, huonekani kuwa mfiwa, waonekana kuwa mwenye jicho baya. Hatukuwa na la kumjibu.

Tangu siku ile tumekuwa tukijiuliza kosa letu lilikuwa wapi, kwa maana nia yetu haikuwa mbaya, na shauri tulilotoa ndilo ambalo wengi wenu mngelitoa.

Kwanza twakiri kwamba sisi tu watu wa zamani zile. Katika uchunguzi wa afya uliofanyika nchini mwaka 1999, kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 147 hawakufikia mwaka wa tano. Na hapa Kagera tulikuwa na habari zetu za ziada. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walitambuliwa katika mkoa huu, na kwa miaka mingi baadaye mabibi waliwalea wajukuu ambao wazazi wao wote wawili wamelala mgombani. Katika hali hiyo watu walijifunza kunyamaza. Mtoto hakusifiwa mnono, jino lake halikutangazwa, na aliyeuliza hali yake alijibiwa, "Yupo." Kunyamaza kule hatukulaumu. Kulikuwa ngao ya watu waliopigwa sana. Lakini kwa shauri letu la mwezi Mei tulichukua hofu yetu ya zamani tukaivika nguo za upendo, tukawapa vijana waende nayo.

Vijana wa leo wamezaliwa katika hesabu nyingine. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha watoto 43 kati ya 1,000, na hilo ni jambo la kumshukuru Mungu, na kuwashukuru wauguzi na chanjo pia. Ndiyo maana wanathubutu kuhesabu kila jino. Lakini katika hao 43, watoto 24 walikufa kabla ya kutimiza mwezi mmoja, kama yule wa mwenzetu. Kadiri wanaoishi wanavyoongezeka, ndivyo aliyefiwa anavyozidi kubaki peke yake. Zamani mama aliyezika mtoto alikuwa na wenzake katika kila nyumba ya pili, na sasa anawatazama wote wakienda kliniki.

Wengine watasema, basi tatizo ni sherehe zenyewe, zipunguzwe. Hatukatai kwamba ziko sherehe zinazoumiza. Katika kitabu cha kwanza cha Samweli tunasoma habari za Penina, aliyekuwa na watoto, na Hana, aliyekuwa hana. Kila mwaka walipopanda kwenda kutoa dhabihu, Penina alimchokoza mwenzake mpaka akalia asile. Angalieni kwamba hayo yalitendeka katika sikukuu, mezani, mbele ya nyama za sadaka. Penina alihitaji Hana awepo ili watoto wake waonekane wengi. Furaha ya namna hiyo hata leo tunayo. Twaijua ile ya turubai na kadi za michango, ambayo kwa ajili yake wazazi wa Kanisa letu na wa Kanisa la Roma huahirisha ubatizo mwaka mzima wakingoja mavuno ya kahawa. Kitabu chetu cha Sala cha mwaka 1662 kiliagiza watu wasikawie kupita Jumapili ya kwanza au ya pili baada ya kuzaa, na sheria ya Wakatoliki nayo husema majuma ya kwanza. Hayati Laurean Kardinali Rugambwa, aliyezaliwa Bukongo mwaka 1912, alibatizwa mwaka 1921 pamoja na wazazi wake, lakini wao walikawia kwa sababu ya kuijia imani, hawakuwa wakitafuta fedha za turubai. Hayo tumeyasema pembeni, ila hatukuweza kuyapita.

Jirani zetu vijana hawakufanya kama Penina. Chai yao haikumpima mtu. Kwa hiyo swali halikuwa kama wafurahi au wasifurahi, lilikuwa kama mfiwa anayo sehemu katika furaha isiyo yake.

Hapo ndipo tulipomkumbuka Ana binti Fanueli. Luka atueleza kwamba aliishi na mume miaka saba tu, kisha akawa mjane mpaka uzee wake. Watoto wake hawatajwi. Siku Yosefu na Mariamu walipomleta kifungua mimba wao hekaluni, pamoja na sadaka ya ndege wawili, ambayo ni sadaka ya maskini, mwanamke huyo alifika saa ile ile, akamshukuru Mungu, akaenda akiwasimulia wengine habari za mtoto. Je, kama mtu mwenye huruma kama sisi angalisimama mlangoni akasema, "Mama, usiingie, humo mna mtoto mchanga, utaumia"? Angekuwa amemnyima yule mjane kitu alichokingojea kwa kufunga na kusali. Na tusidhani kwamba pale ndani palikuwa na kicheko kitupu. Simeoni, akiwa na mtoto mikononi, alimwambia mama yake habari za uchungu utakaompata.

Kanisa nalo, sisi na Wakatoliki pamoja, limeziweka siku zake kwa namna ambayo hatukuwahi kuitafakari. Tarehe 25 Desemba twasherehekea kuzaliwa kwa mtoto. Tarehe 28, siku tatu tu baadaye, twawakumbuka watoto wa Bethlehemu waliouawa na Herode, na mama zao wasiotaka kufarijiwa. Mtu mwenye adabu kama yetu angaliziweka sikukuu hizo miezi sita mbalimbali. Lakini zimewekwa katika juma moja, na mapambo ya Noeli yangali ukutani.

Mwenzetu alituambia jambo jingine siku ile, nalo ndilo lililotuingia zaidi. Alisema, "Na mimi mtoto wangu alikuwa na hatua zake. Siku ya tatu alifumbua macho akanitazama. Siku ya tano alinishika kidole hakutaka kuachia. Nani ameniuliza?" Ndugu wasomaji, tangu matanga yaishe hakuna aliyelitaja jina la mtoto yule mbele ya mama yake, nasi tukiwemo, na padre aliyeliandika akiwemo. Tulikuwa tunamlinda asisikie habari za jino la mtoto wa watu, kumbe alikuwa na habari zake mwenyewe za kusimulia, na penye chai ya vijana wale ndipo palikuwa mahali pa pekee ambapo mambo madogo namna hiyo husikilizwa. Kumbe hata siku tisa zina hatua.

Kwa hiyo shauri letu la mwezi Mei tumelirudisha. Tuliwaita vijana tukawaambia kwamba tulikosa. Tulifikiri kwamba kuchagua huzuni ipi mtu ataiweza ni kazi yetu, na haikuwa yetu. Tuliwaambia waende kwake kabla ya siku, wawe wao wawili tu, wamweleze, naye akisema hapana wasimsihi wala wasinune, na wasije na mtoto mgongoni mara ya kwanza kana kwamba jibu limekwisha kuamuliwa. Mama kijana alilia. Baba alitukasirikia kidogo kwa kuwapotosha, na haki alikuwa nayo.

Hatusemi kwamba ni kanuni ya kila mtu. Mmoja wetu bado ana shaka. Anamkumbuka mama wa kijiji kingine ambaye kwa miaka hakuweza kukaa kanisani mtoto akiletwa kisimani. Alikuwa akitoka nje akasimama chini ya mti mpaka wimbo wa mwisho, na anasema kwamba kumwita mtu kama huyo chai ya jino ni ukatili. Mwingine wetu hujibu kwamba mama yule angalau alijiondoa kwa miguu yake mwenyewe, na kila Jumapili alirudi. Jambo hilo tumelijadili usiku mwingi, na taa imezimwa mara mbili bila mapatano.

Vijana walikwenda mwisho wa mwezi ule ule wa nane. Mwenzetu alikataa chai. Lakini aliomba aende nao kliniki siku ya chanjo ya surua, mtoto alipotimiza miezi tisa, akambeba yeye kutoka barabarani mpaka kwenye benchi. Njiani alimwambia mama kijana habari za siku ya tatu na za siku ya tano, na mama kijana akamwuliza jina la mtoto, ambalo hakuwa akilijua. Sasa binti anasimama dede akishika ukuta, na njia ya chini inapitwa tena.

Mwezi ujao, senene wakianza kuruka, atatimiza mwaka mmoja. Jirani wa chini amealikwa. Alisema atafikiri, na mpaka tunaandika haya hajajibu. Mama kijana ametuambia kwamba hatamwuliza mara ya pili.